Picha za harusi zinalipa, ila hesabu ifungwe kabla kamati haijavunjwa

Ni saa nane mchana, Jumamosi ya mwezi wa Septemba, nje ya kanisa katika mji kama Makambako. Mahindi yameshavunwa na kuuzwa, fedha zipo mikononi mwa watu, na matarumbeta yameanza kupigwa. Gari lililopambwa maua linasimama, mlango unafunguliwa, bibi harusi anatoa mguu nje huku baba yake akimshika mkono. Mpiga picha ana sekunde nne au tano za kuipata picha hiyo. Akiikosa, imekwenda. Wapo wanaothubutu kumwambia bibi harusi arudi garini ashuke tena, mchungaji akisubiri mlangoni, lakini hao huwa hawaitwi mara ya pili.

Siku hizi mara nyingi aliyeshika kamera hiyo ni kijana ambaye hakupitia chuo chochote cha picha. Alinunua kamera iliyotumika, akajifunza kwa kutazama masomo kwenye simu usiku, akaanza na sherehe za ndugu zake hadi jina likasikika. Picha zake zinavutia. Ukimuuliza baada ya miaka miwili amebaki na nini, anaonyesha kamera ileile, sasa imechoka, na daftari la watu wanaomdai albamu na wengine ambao yeye ndiye anawadai.

Hapo ndipo penye tatizo la biashara hii. Ufundi wa picha unapatikana mtandaoni kwa gharama ya bando tu. Namna ya kulipwa na kamati ya harusi haifundishwi huko, kwa kuwa wanaofundisha wengi wanaishi katika nchi ambazo maharusi na wazazi wao hujilipia wenyewe na kamati hazijulikani.

Enzi za mkanda wa picha 36, mpiga picha alihesabu kila mbofyo, kisha akasafirisha mikanda hadi mjini kusafishwa. Ufundi aliupata kwa kumbebea mkoba fundi mkubwa kwa mwaka mmoja au miwili, akitumwa maji na kukaripiwa mbele za watu. Mwaka 2003 kampuni ya Canon ya Japani ilitoa kamera ya EOS 300D, kamera ya dijitali ya kubadilisha lenzi ya kwanza kuuzwa chini ya dola 1,000 za Marekani, na mwaka uliofuata Nikon ikajibu kwa D70. YouTube ilianza mwaka 2005. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009, kutazama somo la video kukaanza kuwa jambo la kawaida hata kwa mtu asiye na ofisi. Kodak, kampuni iliyotawala biashara ya mikanda kwa karibu karne nzima, iliomba ulinzi wa sheria ya ufilisi Januari 2012.

Kwa hiyo fundi mkubwa amehamia kwenye simu. Hakaripii, hatumi maji, na anarudia somo mara mia bila kuchoka. Ubaya wake ni kwamba haoni picha ulizopiga, wala hajawahi kuingia katika ukumbi wa mji wako.

Darasa la sufuria na shuka

Mwanafunzi wa mtandaoni huharibikiwa pale anapotazama masomo kumi kwa usiku mmoja bila kushika kamera. Utaratibu unaofaa ni somo moja, kisha picha mia moja za somo hilo, kisha somo linalofuata. Vifaa vya mazoezi vipo nyumbani. Chukua sufuria yenye masizi, iweke juu ya shuka jeupe barazani, upige picha.

Kamera haijui sufuria wala shuka. Inachofanya ni kupima mwanga na kutaka kila kitu kitoke na rangi ya katikati, ya kijivu. Ukiijaza fremu kwa shuka, inadhani mwanga umezidi, inaupunguza, na shuka linatoka kama halikufuliwa. Ukiijaza kwa sufuria, inadhani kuna giza, inaongeza mwanga, na masizi yanageuka kijivu. Mwenye kuona hilo kwa macho yake atajua lini aongeze mwanga na lini apunguze, bila kuiachia kamera iamue.

Bwana harusi wa suti nyeusi na bibi harusi wa gauni jeupe ni somo hilohilo, ila wao hawasubiri. Gauni likijaza fremu, nyuso zinakuwa nyeusi tii hata macho hayaonekani. Ukiongeza mwanga kupita kiasi, nakshi za gauni zinapotea, na gauni hilo pengine limekodishwa kwa fedha nyingi kuliko mpiga picha mwenyewe. Dawa ni kupima mwanga usoni, kuacha nafasi kidogo kwa ajili ya gauni, na kuhifadhi picha katika faili ghafi, yaani faili ambalo kamera haijalibana wala kulipaka rangi. Faili hilo hula nafasi kubwa, lakini hukubali kurekebishwa baadaye.

Ugumu huu wa ngozi nyeusi na kitambaa cheupe una historia. Kwa miaka mingi maabara za kusafisha picha zilipima rangi kwa kutumia kadi ya Kodak yenye picha ya mwanamke wa Kizungu, na kadi hizo zikaitwa Shirley. Filamu zilianza kuboreshwa ili kubeba vizuri rangi za weusi na kahawia baada ya malalamiko, na miongoni mwa waliolalamika walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani, ambao bidhaa zao zote zilitoka rangi moja kwenye matangazo. Kamera za sasa ni bora mno kuliko filamu zile, lakini masomo mengi ya mtandaoni bado yanapigwa kwa watu wa ngozi nyeupe, na mwanafunzi wa hapa nchini akinakili vipimo vyao kama vilivyo atajikuta ameumbua harusi ya watu.

Jua nalo ni tofauti. Wakufunzi wa Ulaya husifu mwanga laini wa jioni, na wakati wa kiangazi jioni yao hukawia. Hapa jua la saa sita husimama utosini na kuchora vivuli chini ya macho, na jioni likishazama giza halisubiri hata nusu saa. Kama ratiba inasema maharusi watatoka kanisani saa tisa na kuingia ukumbini saa moja, mpiga picha aombe nusu saa kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili, na aombe mapema, kwenye kikao. Akilazimika kupiga mchana, atafute baraza au ukingo wa kivuli cha jengo. Chini ya mwembe hapafai sana, kwani majani hutupa ukijani usoni na matundu ya jua hufanya madoa kwenye gauni.

Ukumbini ndiko wengi wanakofeli. Masomo husema elekeza flashi kwenye dari, mwanga udunde na kurudi ukiwa laini. Dari wanayoizungumzia ni nyeupe na iko karibu. Ukumbi wetu una paa la juu kama ghala la mazao, au mpambaji ameufunika kwa vitambaa vya zambarau, na mwanga ukidunda hapo maharusi wanatoka na rangi ya bilinganya. Ni afadhali kudundisha mwanga kwenye ukuta mweupe wa pembeni, au kusimamisha flashi ya pili kwenye stendi, ikiwashwa kwa mbali. Mtindo huo wa flashi ndogo za bei nafuu ulienezwa sana na masomo ya bure ya David Hobby, aliyekuwa mpiga picha wa gazeti la Baltimore Sun la Marekani, yaliyoanza mwaka 2006. Zile taa zinazoacha michirizi kwenye picha mara nyingi hutulia ukishusha kasi ya kamera hadi 1/100 au 1/50, kwa kuwa umeme wetu hupigapiga mara 50 kwa sekunde.

Kuhariri nako kunajifunzika bila gharama kubwa. Programu ya darktable ni ya bure na inafungua faili ghafi. Asiyejua Kiingereza vizuri anaweza kuwasha maandishi chini ya video yakatafsiriwa, ingawa tafsiri nyingine huchekesha. Cha kujihadhari ni wauzaji wa mipangilio ya rangi iliyo tayari, wanaoahidi picha kama za Ulaya kwa mbofyo mmoja. Mingi ikitua kwenye ngozi yetu huigeuza rangi ya chungwa.

Pamoja na hayo yote, harusi tano za kumbebea mkoba mzoefu bado hazina mbadala. Huko kijana ataona jinsi mzee wa makamo anavyoombwa kwa adabu kuhama mbele ya keki, na jinsi ya kumpata shangazi mmoja kila upande anayewajua ndugu wote kwa majina, ili picha za ukoo zisikose mjomba mkubwa. Mjomba huyo akikosekana kwenye albamu, lawama huwa za mpiga picha miaka yote.

Fedha ziko kwa mhazini

Harusi nyingi za hapa nchini huendeshwa na kamati yenye mwenyekiti, katibu na mhazini, na fedha zake ni michango. Kadi zinagawiwa, ahadi zinaandikwa, vikao vinafanyika kila wiki. Watu huahidi kwa moyo na kulipa kwa kuchelewa. Siku zikikaribia na fungu halijatimia, kamati huanza kukata. Chakula hakikatwi, kwani wageni watasema. Ukumbi umeshalipiwa. Anayebaki ni mpiga picha, ambaye huambiwa apokee kiasi fulani sasa na kingine baada ya sherehe.

Baada ya sherehe kuna kikao kimoja tu, cha kuvunja kamati. Mhazini anasoma mapato na matumizi, watu wanapongezana, wanakula kilichobaki, na kamati inakufa siku hiyo. Mpiga picha akienda wiki inayofuata kudai, mwenyekiti anamwelekeza kwa bwana harusi, na bwana harusi anasema yeye alikabidhi kila kitu kwa kamati. Kumnyima albamu kunawezekana, lakini anayeumia ni bibi harusi ambaye hakukosa lolote, na habari itakayoenea mjini ni kwamba mpiga picha amezuia picha za watu.

Chukua mfano wa hesabu, ingawa bei hutofautiana kati ya mji na mji. Kazi imekubaliwa kwa shilingi 800,000, picha pamoja na albamu. Msaidizi analipwa 80,000, usafiri 60,000, albamu 200,000, kuchapa picha za ukutani 60,000, bando na umeme 20,000, uchakavu wa kamera 30,000. Jumla ni 450,000, inabaki 350,000. Siku zilizotumika ni saba: moja ya vikao, moja ya harusi, tatu za kuchagua na kuhariri, moja ya kupanga albamu na kumfuatilia mchapaji, moja ya kukabidhi. Ni shilingi 50,000 kwa siku, si haba. Sasa kamati ililipa 500,000 na kuahidi 300,000 ambazo hazikuja. Kilichobaki ni 50,000 kwa siku saba, yaani shilingi 7,000 na kidogo kwa siku. Kibarua wa palizi hawezi kumwonea wivu.

Fungu la uchakavu ndilo vijana wengi hawaliandiki kabisa, wakati mkulima mwenye trekta anajua kwamba kila ekari inakula chuma. Kamera nayo ina umri. Nikon D750 iliyotoka mwaka 2014, ambayo bado inauzwa kwa mitumba, ilipimwa na watengenezaji wake kwa mibofyo 150,000. Harusi moja ikichukua mibofyo 1,500, hiyo ni kazi ya harusi 100. Kamera na lenzi zikiwa zimegharimu shilingi milioni tatu, kila harusi inakula 30,000 hata kama hakuna kilichoharibika siku hiyo. Anayenunua kamera iliyotumika aulize kwanza imebofywa mara ngapi. Anayemuuzia anaweza kulionyesha jambo hilo kwenye kompyuta. Lenzi ya bei kubwa inayohitajika mara tatu kwa mwaka ni heri kuikodi.

Waliodumu katika kazi hii hulipwa kwa mafungu matatu. La kwanza ni arubuni ya kushika tarehe, ambayo vijana wameipa jina la kishika uchumba. Mara nyingi ni nusu ya bei, na bila hiyo tarehe haiandikwi. La pili, ambalo ni sehemu kubwa ya kilichobaki, hulipwa wiki moja kabla ya harusi, wakati kamati bado inakutana na mhazini bado ana mfuko. Kidogo kinachosalia hulipwa siku ya kukabidhi albamu. Tangu huduma za fedha kwa simu zilipoingia nchini mwaka 2008, hakuna sababu ya mhazini kusema benki imefungwa.

Makubaliano yawe kwenye karatasi moja, kwa Kiswahili, yakiwa na sahihi ya mhazini na ya mmoja wa maharusi, ili kamati ikivunjwa deni libaki na mwenyewe. Yaandikwe saa za kuanza na kumaliza, idadi ya picha, aina ya albamu na siku ya kukabidhi. Jambo moja husahaulika kwa kuwa linatia simanzi: msiba. Mzazi akifariki wiki ya harusi, sherehe inaahirishwa, na hapo si mahali pa kuanza kubishana juu ya arubuni. Karatasi iseme mapema kwamba tarehe itahamishwa bila gharama ya ziada kama mpiga picha ana nafasi, na kama hana atarudisha kiasi gani.

Mlango wa wanawake

Pwani na Visiwani kuna soko ambalo wapiga picha wanaume hawaligusi. Katika harusi nyingi za Waislamu, shughuli za wanawake hufanyika bila mwanamume ndani, na mpiga picha lazima awe mwanamke, msaidizi wake vilevile. Simu za wageni wakati mwingine hukusanywa mlangoni. Kinachonunuliwa hapo ni uaminifu kwanza, picha baadaye. Picha moja ya bibi harusi aliye wazi kichwa ikiponyoka na kuzunguka kwenye simu za watu, biashara imekwisha, na familia nzima imeumizwa. Anayehariri awe mwanamke huyohuyo, kwenye kompyuta yenye nywila, na albamu ichapwe mahali ambapo mikono inajulikana.

Hata penginepo, kuweka picha za maharusi mtandaoni kujitangaza kunahitaji ruhusa yao iliyoandikwa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na picha ya mtu anayetambulika si mali ya kuchezea.

Harusi zina misimu kama mazao. Baada ya mavuno kazi hugongana, na Desemba watu wakirudi nyumbani Kilimanjaro na kwingineko Jumamosi hazitoshi. Kwaresima na Ramadhani ni ukame. Miezi hiyo huzibwa na mahafali, kipaimara, picha za pasipoti, na kazi mpya inayokua ya kuwapigia wafanyabiashara picha za bidhaa zao, kwani muuza asali au mchele wa kupaki anayetangaza kwa simu anahitaji picha safi kama bibi harusi. Mwenye kufanya hivyo mwaka mzima asajili jina BRELA, achukue namba ya mlipakodi TRA na leseni ya halmashauri; kampuni na ofisi hazimlipi asiye na risiti.

Simu za wageni zenyewe zimekuwa mshindani. Zinapiga picha nzuri, na kabla keki haijakatwa zimeshafika kwa ndugu wa mbali. Wajanja hujibu kwa kutuma picha ishirini zilizosafishwa kesho yake asubuhi kwa WhatsApp, zikitumwa kama faili ili zisibanwe, na nyingine zikafuata kwa wakati wake.

Usiku ule wa harusi, hata iwe saa nane na miguu imevimba, kazi haijaisha. Kadi zinatolewa kwenye kamera na kunakiliwa kwenye kompyuta, kisha kwenye diski ya nje, na nakala nyingine inalala kwa ndugu au rafiki anayeaminika, kwa sababu mwizi akiingia hachukui kompyuta akaacha diski iliyo pembeni yake. Kamera yenye nafasi mbili za kadi hupunguza hofu, kwani kila picha inaandikwa mara mbili. Kadi zenyewe hazifutwi hadi albamu ikabidhiwe, fungu la mwisho lilipwe, na sahihi iwekwe kwenye daftari.